Zuhura, Jina Lako Limerudi Kuwa Jeusi

Mpwa wangu Zuhura,

Barua huanza kwa kuuliza hali, nami yako siiulizi, iko kwa Mwenye kuijua. Salamu nimekwisha kukupa leo asubuhi pale makaburini, wewe na jirani zako wote, maana mie nikisalimu husalimu mtaa mzima. Hii ni nyongeza. Kuna mambo sikuweza kuyasema pale, mama yako alikuwa amekaa karibu.

Usicheke mwandiko. Shule niliiacha darasa la nne, ingawa wewe nilikwambia nilifika la saba na mwalimu mkuu akalia siku niliyoondoka. Hakulia. Nadhani alishukuru. Naandika kwa unyoya wa bata na wino niliopika mwenyewe, na huu wino ukitoka kwenye unyoya unakuwa kijivu, kama maji ya kufulia. Naandika kama ninayeandika hewani. Lakini nikitazama kule juu, pale nilipoandika jina lako, pameshaanza kuwa peusi. Uliniambia ndivyo ulivyo huu, unataka upepo uuguse kwanza. Siku uliyoniambia sikukusikiliza. Nilikuwa nasimulia.

Nianze na kibao cha kaburi lako.

Siku tuliyokuzika mie ndiye niliyeshuka kukupokea, na ulikuwa mwepesi, Zuhura, kama ulivyokuwa nikikupakata mdogo na moyo wako ule ule unapiga mbio kama kifaranga. Tulipomaliza, watu wakasema aitwe fundi wa Kilindoni aandike kibao kwa rangi ya mafuta. Nikakataa mbele ya wote. Nikasema rangi ya dukani haiwezi kukaa kichwani kwa mtoto aliyeutumia uhai wake kutafuta weusi wa kwetu. Nikasema ninao wino wake ndani, nimeupika kwa mkono wangu, na hautafutika mpaka kiama. Yalikuwa maneno mazuri. Wazee wakaitikia. Hata mie mwenyewe nilijisikia mtu.

Nikaja chumbani kwako, nikatazama vikopo vyako pale dirishani. Vilikuwa vya namna tatu, wewe unajua, na mie nilitakiwa kujua. Nikachukua ule uliokuwa mweusi kuliko yote, unang'aa kama mgongo wa kunguru. Ule wa masizi. Nikaandika ZUHURA BINTI HAMISI, herufi kubwa, nikarudi nyuma kutazama, nikawaambia watu, mmeona?

Tuliupika pamoja ule, pale nyuma ya jiko la mama yako. Koroboi ya mafuta ya nazi chini, chungu kimefunikwa juu yake, na sisi tunangoja moshi ushike. Kisha wewe unakwangua masizi kwa unyoya wa kuku, umeziba pumzi yasiruke, na mie siku zote napiga chafya. Ulikuwa unaniambia, "Mjomba, ukipiga chafya tena nakuhamishia kwenye mafuta ya korosho, yale yanayounguza." Unayachanganya masizi na gundi ya mkorosho na maji, unasaga juu ya jiwe mpaka mkono unakufa ganzi. Na ulinieleza. Ulinieleza kwamba huu ndio walioandikia watoto wa chuo cha Kurani kwenye mbao zao, enzi za mababu, kwa sababu ukimaliza somo unamwagia maji, ubao unakuwa mweupe, unaanza somo jingine. Kazi yake ni kufutika. Ulisema hivyo hivyo, kazi yake ni kufutika. Na mie nikadakia nikakusimulia jinsi babu yangu alivyokunywa maji ya ubao mzima wa Yasini akaweza kubeba ng'ombe kutoka Kirongwe mpaka Kilindoni.

Ukacheka. Ukasema, "Mjomba, na huyo ng'ombe alikuwa na ndama tumboni?" Nikasema ndiyo, mapacha.

Basi masika yakaingia. Sikwenda makaburini siku mbili tatu, na nilipokwenda nikakuta ubao. Ubao mtupu, mpwa wangu, umelowa, na chini yake mchanga una alama nyeusi kidogo kama mtu amemwaga chai. Nilisimama pale nikajua papo hapo nilichofanya. Ningeweza kurudi nyumbani siku ile ile nikachukua kikopo kingine. Nilirudi nyumbani nikalala.

Halafu ikaja arobaini yako. Watu wamejaa uani, pilau iko jikoni, na Bi Kidawa wa jirani, unamjua hanyamazi na kitu, akauliza mbele ya akina mama wote, "Shaibu, wino wako wa kiama umekwenda wapi? Kibao cha mtoto kimekuwa kama mlango wa choo." Watu wakageuka kunitazama. Mama yako naye akanitazama, ana kanga mdomoni.

Zuhura, mie kinywa changu hakijawahi kuningoja. Nikasema, "Jina limepandishwa."

Wakasogea karibu. Nikaona wanataka zaidi, basi nikaendelea. Nikasema nilikwenda alfajiri nikakuta herufi zinabanduka moja moja kwenye ubao, zinapanda juu kama moshi wa udi, ya mwisho ilikuwa ile A, ikasita kidogo, ikapanda. Nikasema nilisikia harufu ya asumini na hapana mwasumini pale. Bi Kidawa akaanza kulia, yeye wa kwanza. Mama yako hakungoja mwisho. Aliinuka akaingia ndani.

Wewe uliniomba jambo moja tu maisha yako yote. Siku ile uliyolazwa, umeegemea mito kwa sababu kulala huwezi, uliniambia, "Mjomba, nikifa siku moja, usiniongezee chumvi. Sema nilikuwa nachonga mbao na kupika wino, basi." Nikakujibu huendi popote. Nikakusimulia tena habari ya potwe, yule papa mkubwa kuliko mashua ninayedai nilimpanda.

Habari zikatembea. Walianza wa hapa hapa, wakaja wa Kilindoni kwa bodaboda, wakaja hata na mashua kutoka Juani. Wanasimama mbele ya ubao mtupu, wanasoma dua, wanatikisa vichwa. Na mie niko pale, najifanya nafyeka majani, nangoja niulizwe. Kila nikiulizwa, asumini inazidi. Sitakuficha, ilikuwa tamu. Watu waliokuwa wakiniona kwa mbali wanageuza njia wasisikie habari za potwe, sasa wananiletea kiti. Usiku sikuwa na raha, lakini asubuhi nafyeka tena.

Mpaka akaja Somoe.

Mwanamke kijana, wa Juani, ana mtoto wa kike mgongoni. Alikuja mara ya kwanza akasoma dua akaondoka. Alikuja mara ya pili akachota mchanga wa kaburi lako akautia kwenye kifuko. Nikadhani wa baraka tu, watu hufanya. Mara ya tatu nikamwona yule mtoto usoni. Midomo ya buluu, Zuhura. Kucha za buluu. Anapumua kama anayepanda mnazi. Nikamuuliza mama yake, mtoto ana nini, akaniambia ana maradhi ya moyo, kama marehemu wako alivyokuwa nayo, ndiyo maana amekuja kwake. Hospitali waliambiwa wampeleke na hawajampeleka, wamesikia habari za hapa. Mchanga anautia kwenye maji ya kunywa ya mtoto, asubuhi na jioni. Akaniambia, "Baba, tangu nianze, naona ana nafuu."

Mie nilikuogesha wewe mdogo. Naijua hiyo nafuu, haidumu.

Nikamwambia. Nilimwambia pale pale, panga mkononi, kwamba jina halikupanda popote, limefutwa na mvua, mie ndiye niliyeliandika na wino usiofaa. Unajua alinijibu nini? "Baba, shetani anakujaribu. Usikufuru neema uliyoiona kwa macho yako."

Nimesema uongo wiki zote hizi na watu wananiletea kiti. Siku ya kwanza nasema kweli, naambiwa ni shetani.

Nikamchukua mpaka nyumbani. Nikatoa kikopo kile kile, nikachukua kipande cha ubao, nikaandika ZUHURA. Nikakianika juani mpaka kikakauka kabisa, naye amekaa pale ukumbini ananyonyesha, ananitazama kama mwendawazimu. Kilipokauka nikampa kata ya maji, nikamwambia, mimina wewe, usinipe mie. Akamimina. Jina likateremka lote kwenye sakafu, likaingia kwenye ufa wa saruji. Akamimina tena pale palipokwisha kuwa peupe. Kisha akaiweka kata chini taratibu sana.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema tu, "Nilikuwa nampa mchanga." Akajifunga mtoto vizuri.

Nikaita bodaboda mbili tukaenda Kilindoni hospitali mchana ule ule. Wamemsikiliza moyo, wamewaandikia kwenda Dar, na wiki iliyopita wamevuka. Sijui itakuwaje. Hapa ndipo zamani ningekwambia mtoto amepona, anacheza rede. Sijui, Zuhura. Sina habari. Naiacha hivyo hivyo.

Kutoka Kilindoni niliona njia ndefu. Mama yako. Nilijua ile habari ya kupandishwa ndiyo aliyokuwa akilalia. Kila wageni wakija, yeye huwapikia chai, anawasikiliza wakikutaja, uso wake unalainika. Na mie nakwenda kumnyang'anya. Nilimkuta anakuna nazi. Nikakaa chini mbele yake, kwenye vumbi, sikutaka kigoda. Nikasema, "Dada, jina la Zuhura lilifutwa na mvua." Nikamweleza na Somoe na mchanga na midomo ya mtoto.

Aliendelea kukuna mpaka kikabaki kifuu kitupu. Kisha akaingia chumbani, akatoka na ile kanga yake yenye mji mweupe katikati, ile uliyomletea wewe kutoka Dar, ameikunja. Akaikunjua mapajani.

Jina lako lilikuwepo pale. Kinyumenyume, limevimba, A imechuruzika mpaka chini, lakini jina zima, na la baba yako nusu.

Akaniambia, "Mvua ilinikuta makaburini. Nikaliona linateremka. Nikalikumbatia, Shaibu. Nilidhani nikilibana halitatoka." Akapitisha kidole juu ya ile Z. "Ulipokuwa unasema limepandishwa, mie nilikuwa nalo kabatini."

Nikamuuliza kwa nini hakunikatalia mbele za watu. Akasema, "Wewe kukukataza kusema uongo ni kukukataza kupumua. Halafu watu walikuwa wanakuja. Kila anayekuja anamtaja mwanangu. Nikasema acha wamtaje." Akaitazama kanga mapajani. Kisha akasema, "Sikujua kama kuna mtu anachota mchanga." Akaikunja kanga upya. "Basi tumefanya wawili."

Hapo, mpwa wangu, mie niliyekutazama unafanya kazi siku zote zile, ndipo nilipoelewa ulichokuwa unafanya. Unachonga ubao herufi zimegeuka, unapaka wino, unalaza karatasi juu, unasugua kwa mgongo wa upawa, unaibandua, na kitu kimehama. Nilikuwa nakutania nakwambia unaandika kama mtu aliyesimama kwa kichwa. Mama yako amepiga chapa kwa kifua chake, kwenye mvua, bila kufundishwa. Haijafuliwa kanga ile, na mie nimemwambia asiifue.

Asubuhi yake akaniambia, "Tafuta wino wake wa kweli. Ule wa kasha."

Kasha la bibi yako Mwanakheri. Unakumbuka lilivyoanza hili jambo? Jina la bibi limeandikwa ndani ya kifuniko kwa herufi za chuoni, jeusi tii, na kasha lenyewe liliwahi kulowa bahari mpaka mbao zikapinda. Uliporudi kutoka Dar na masomo yako ya kupiga chapa, ulilifungua ukaniuliza waliandika na nini. Nikakwambia ni wino wa ngisi mkubwa kuliko ngalawa, alivuliwa na baba yake Mwanakheri, wakamkamua kijiji kizima. Ukaniamini. Wiki nzima ulikamua ngisi, nyumba inanuka, paka wa Kirongwe yote wamepiga kambi mlangoni, na mwisho ukapata hudhurungi. Ulinitazama tu. Nikasema labda hawa ngisi ni wadogo.

Kisha ukajaribu masizi na mafuta ya nazi, kwa sababu mie nilikushikilia, nikakwambia Mafia bila nazi ni nini. Picha zako hazikukauka. Mpaka leo ukizigusa zinakushika. Ndipo ukapata mafuta ya maganda ya korosho, yakakauka kama kioo, na yakaniunguza mikono yote miwili kwa sababu nilisema mikono yangu haisikii. Makovu yale nawaambia watu ni potwe. Huo ukawa wino wako wa kupigia chapa. Lakini wa kasha haukuwa huo, wewe ukajua, haukuwa umekaa juu ya mbao, ulikuwa umeingia ndani.

Na siku uliyoupata hukupiga kelele. Ulikuja kuniamsha usingizi wa mchana, una kikombe. Magome ya mkandaa, mti wa mikokoni, yale yale waliyokuwa wakipikia nyavu zisioze. Na kutu ya misumari ya chombo, iliyolowekwa kwenye siki. Ukachovya kijiti ukaandika kwenye nguzo ya kitanda changu, kijivu, hakionekani. Nikasema mbona hamna kitu. Ukasema, "Ngoja." Mie kungoja siwezi, nikaanza hadithi, na nilipomaliza hadithi nguzo ina neno MJOMBA, jeusi kama la kasha. Lipo. Nalitazama kila nikilala.

Basi nikaanza kutafuta. Kikopo chako cha mkandaa kilikuwa kimekauka kimebaki ganda. Ikabidi nipike. Nilichukua gome kwenye tawi lililoanguka lenyewe, sikukata mti, ungenifukuza. Safari ya kwanza nilichemsha kwenye sufuria ya chuma kwa uvivu, ukaharibika, ukawa tope. Nikakumbuka chungu. Kweli ulikuwa unatumia chungu siku zote, nami nilidhani ni mapenzi ya vitu vya kale. Misumari nilichomoa kwenye mbavu za mashua iliyooza, imeliwa na kutu imebaki kama vidole vya mzee. Nililoweka. Nikachuja kwa kitambaa cha tui. Mama yako alikuwa ananisimamia, anauliza kila kitu, "Alikuwa anafanya hivi? Una hakika?" Na mie, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, najibu, "Sina hakika, Dada. Tujaribu."

Leo asubuhi tumekwenda. Nimeusugua ubao kwa msasa, nimeandika jina lako pole pole, kwa kijivu. Mama yako akainama akasema, "Mbona halionekani?"

Nikasema, "Ngoja."

Tukakaa chini, yeye upande wa kichwa, mie upande wa miguu. Bi Kidawa alipita na ndoo yake, akasimama. Akauliza kuna nini tena. Nikamwambia, "Wino wa mwanzo ulikuwa wa masizi. Ulifutwa na mvua. Nilikosea, na niliyoyasema yote nilitunga." Akaitua ndoo. Nilimwona anatafuta la kunipiga nalo, na anayo haki. Kisha akamtazama mama yako, akakaa na yeye.

Hatukusema kitu, Zuhura. Jirani zako hapo waseme kama mjomba wako aliwahi kukaa kimya kiasi kile. Kwanza ilikuja ile Z, pembeni, kama inayotoka chini ya maji. Mama yako akanishika mkono wenye makovu. Jua lilipofika kwenye ubao likawa jina zima, na la baba yako zima. Akamwaga maji ya kata juu yake, kwa makusudi, mengi. Akafuta kwa ncha ya kanga nyingine aliyojitanda. Akatazama kanga. Nyeupe.

Sijui kama unanisamehe. Hilo silitungi.

Ubao wako wa mwisho upo, ule uliochonga picha yangu na potwe. Nilikwambia nilimpanda mgongoni nikamwendesha mpaka gatini Kilindoni, na wewe ukanichonga nimening'inia mkiani, nimenywea, mdomo wazi. Mafuta ya korosho yamebaki chupa moja, na masizi ninakwangua. Nitaupiga chapa kama ulivyouchonga, sigeuzi kitu. Kila atakayekuja kuuliza habari za kaburi lenye miujiza nitampa karatasi moja, nimwambie, huyu aliyening'inia ndiye aliyewadanganyeni, na huyu aliyechonga jina lake lile pale, alikuwa anachonga mbao na kupika wino. Na mwenye mtoto mgonjwa nitamshika mkono mpaka Kilindoni.

Lala, mwanangu. Mama yako anakusalimu. Mistari hii ya chini bado ni kijivu, naona tabu hata kuisoma. Naishia hapa, nakaa karibu nayo, naingoja iwe nyeusi.

Mjomba wako,
Shaibu